Kutoka Sanamu ya Askari hadi Kaburi la John

Nimezaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baba yake babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliondoka na mzigo kichwani, hakurudi. Kila nikipita Posta husimama chini ya Sanamu ya Askari nikasoma yale maandishi: hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Nilipojua kwamba naye alipoteza mwana vitani, nikatamani kulifikia kaburi la kijana huyo.

Nilianzia nyumbani kwao, Bateman's, kijiji cha Burwash kusini mwa Uingereza. Ni nyumba ya mawe ya mwaka 1634, kimya kimeijaa. Kipling na mkewe walipata watoto watatu. Josephine, kifungua mimba, alifariki mwaka 1899 akiwa na miaka 6. Wakabaki Elsie na John, kitinda mimba, aliyezaliwa Agosti 1897. John alikuwa na macho mabovu, bila miwani haoni mbali, na jeshi likamkataa. Baba yake akamwendea Lord Roberts, jemadari wa zamani na rafiki yake, akamwombea mwanawe nafasi ya uofisa katika Irish Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza. Akaipata.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiifikiria habari hii. Mtoto mwenyewe alitaka kwenda, najua, na vijana wa rika lake walikuwa wakienda. Lakini lango lilikuwa limefungwa, na aliyeligonga hadi likafunguliwa ni baba. Mama yake, Carrie, alikuwa ameshazika mmoja.

Nikavuka hadi Ufaransa, nikapanda treni kutoka Lille mpaka Lens. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilishika kwa miguu barabara ya Béthune, huku vilima viwili vyeusi vya taka za makaa ya mawe vikinitazama kutoka Loos. Pale Dud Corner, makaburi ya kijeshi kando ya barabara hiyo, ukuta umeandikwa majina zaidi ya 20,000 ya wasiojulikana walipolala. Nililitafuta la John kwa kidole, nikalipata. Kisha nikakata mashambani. Udongo uliolimwa huko una mabonge meupe ya chaki, yananata kwenye viatu.

Shambulio la Loos lilianza tarehe 25 Septemba 1915. Waingereza walitumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza, na mahali pengine upepo ukawarudishia wenyewe. John aliingia vitani tarehe 27, wiki sita tu baada ya kutimiza miaka 18. Alionekana mara ya mwisho karibu na machimbo ya chaki. Wazazi walizunguka hospitali, wakawahoji askari wa kikosi chake mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Baba alikufa mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi.

Kaburi lenyewe liko kwenye makaburi ya kijeshi ya St Mary's, kati ya mashamba. Kwa miaka mingi jiwe lilisema tu kwamba hapa amelala luteni wa Irish Guards, anayejulikana na Mungu. Maneno hayo ya mwisho, yaliyochongwa kwenye makaburi ya wasiojulikana, aliyachagua Kipling mwenyewe. Mwaka 1992 likaandikwa jina la John. Wapo waliobisha, kwa hoja kwamba cheo chake hakikuwa hicho kilichochongwa jiweni. Mimi nalisadiki lile jiwe. Nilipiga goti kwenye majani mabichi nikalishika.

Langoni kuna daftari la wageni. Nikataka kuandika, chini ya jina langu, jina la yule mpagazi wetu, maana pale Posta hakuna jina hata moja la askari wala la mpagazi. Nikampigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika kwa huyo mtoto wa watu?"

"Nimefika. Shangazi, babu yenu aliyechukuliwa kwenda vitani, jina lake nani?"

Akanyamaza. Nikasikia honi za daladala nyuma yake.

"Sisi tulikua tukisikia akiitwa Mpagazi. La kuzaliwa... ngoja nimuulize kaka yangu wa Kisarawe."

Mvua ikazidi. Nikalifunika daftari kwa koti, mstari wa pili ukiwa mtupu, nikangoja simu.