Siku Moja Maishani Mwangu: Naongoza Wageni Milimani Lushoto

Saa 11 alfajiri natoka nje kuangalia anga kabla hata sijawasha jiko. Ukungu ukiwa umelala bondeni na vilele vinaonekana, kufikia saa 4 jua litakuwa limetoka. Ukungu ukifika mpaka mlangoni, najua itabidi nibadilishe safari. Leo umelala bondeni, lakini usiku mvua ilinyesha. Ni masika, udongo mwekundu wa njia za Magamba, msitu wa hifadhi ninakopeleka wageni, utateleza na siafu watakuwa wametoka.

Watu wengi wanaamini nalipwa kwa kutembea. Wageni wanasema, majirani wanasema, hata nyumbani nimeshaulizwa lini nitatafuta kazi. Matembezi haya yanaitwa mepesi, na kweli ni mepesi: mwendo wa saa mbili tatu, mwinuko wa taratibu, kivuli karibu njia nzima, mzee na mtoto wote wanamaliza. Ila kuna mtu anayeyafanya yawe mepesi, na leo naandika habari zake.

Kati ya saa 12 na saa 2 nakunywa chai, nafunga mkoba (maji, bandeji, filimbi, makoti ya mvua, kamba, chumvi ya kunywa kwa atakayeishiwa nguvu), nampigia rafiki anayelima karibu na msitu kujua njia ikoje, kisha nashuka mjini.

Saa 2:30 wageni wako tayari. Ni familia kutoka Dar es Salaam: baba na mama, watoto wao wawili, bibi yao mzaa mama, na shemeji, kijana wa kama miaka thelathini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sasa huko kwenu mlimani mimi nitafika?"

"Utafika. Wewe ndiye utakayetupa mwendo."

Hilo silisemi kwa adabu tu. Anayetembea polepole kuliko wote huwa namweka nyuma yangu mara moja, wengine wanamfuata. Akiachwa mwisho, kila wanaposimama kumngoja wao wanapumzika, akiwafikia wanaondoka, na yeye hapumziki hata kidogo. Ndivyo watu wanavyochoka kwenye njia rahisi.

Kisha nikaangalia viatu. Bibi alikuwa na raba za kawaida zenye meno mazuri. Shemeji alivaa raba nyeupe, soli laini kama sahani. Nikamweleza kwamba kuna utelezi, nikamwambia tunaweza kupitia dukani akapata hata buti za mpira.

"Sista, usijali. Mimi kila Jumamosi nakimbia Coco Beach. Hii si kutembea tu?"

Saa 3:30 tuko getini Magamba. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, pesa haipiti mkononi mwangu, na huwa naeleza hilo mapema ili mtu asidhani namwongezea bei njiani. Nikawaonyesha jinsi ya kuchomeka suruali ndani ya soksi. Wote walifanya isipokuwa mmoja.

Saa ya kwanza msituni ndiyo inayonifanya nisiache kazi hii. Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale, inakamata unyevu wa Bahari ya Hindi na kuubadilisha kuwa mvua na ukungu, na msitu umeishi hapa kwa muda mrefu kiasi kwamba kuna vinyonga, ndege na mimea isiyopatikana pengine popote duniani. Tulipofika kwenye mti mmoja mkubwa wa mkulo nikawaambia watoto waukumbatie. Mikono yao haikufika hata nusu. Mti huu ulikatwa sana kwa ajili ya mbao zake, kwa hiyo nikiona mkubwa umesimama huwa nausimulia kwa heshima. Juu yetu mbega wakapita wakiruka, manyoya meupe yakining'inia mabegani, na mtoto mdogo akasahau kabisa kwamba alikuwa analalamika njaa.

Bibi akaniambia ana ua dogo la zambarau kwenye kopo dirishani kwake, na aliyemuuzia alimwambia ni la Ulaya. Nikasimama kumweleza, maana jambo hili naliona ni haki yetu kulijua. Asili ya ua hilo ni misitu ya huku Tanga. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo linapandwa madirishani dunia nzima. Bibi akasema, "Kumbe ni la kwetu," akarudia tena tulipokuwa tunaondoka.

Watoto niliwasimulia habari za Mbegha. Inasimuliwa kwamba alizaliwa nchi ya Ngulu akaota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, mtoto wa nuksi. Akakimbia na mbwa wake, akaingia Usambara akiwinda nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama akawagawia watu. Baadaye akaua simba, na watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao. Ukoo wake wa Kilindi ulitawala milima hii, na Krapf, mmisionari, alipofika mwaka 1848 alimkuta Kimweri akiwa kwenye enzi. Huwa naanza na Mbegha kabla ya Wajerumani. Wageni wengi huniuliza kwanza kuhusu Wilhelmsthal, jina ambalo Wajerumani waliupa mji wa Lushoto kwa heshima ya mfalme wao, na nawajibu vizuri, lakini historia ya hapa haikuanza na boma lao.

Tukafika kwenye siafu. Walikuwa wamekata njia, mstari mnene mweusi. Hapo sheria ni moja: usisimame, vuka kwa hatua ndefu, mmoja mmoja. Nikamvusha bibi kwa mkono, nikarudi kumbeba mtoto mdogo, nikamvusha mkubwa, kisha mama yao. Nilipogeuka kuhesabu watu, shemeji hakuwepo.

Baba mwenye familia akasema alimwona akitangulia, alisema sisi tunakwenda taratibu mno.

Mbele yetu kuna njiapanda. Kulia ndiko mzunguko unakorudi getini. Kushoto kunashuka mpaka mashambani, mteremko mkali wa kama nusu saa kwa mtu mwenye miguu yake. Simu haikuwa na mtandao. Nikapuliza filimbi, mara tatu, nikasikiliza, nikapuliza tena. Kimya. Nikainama chini kwenye tope. Nyayo za soli yenye meno ni za wakulima na zangu. Kulikuwa na unyayo mmoja laini usio na alama yoyote, nao umeelekea kushoto.

Mtu anaweza kusema ningekimbia nimfuate. Lakini siwaachi watoto wawili na mama mtu mzima peke yao msituni, ukungu unaweza kushuka ndani ya dakika kumi na hata mita ishirini usizione. Baba yao akataka aende yeye. Nikakataa, kwa sababu ningekuwa natafuta wawili. Ikabidi tushuke sote. Nikafunga kamba kwenye mti sehemu mbaya zaidi ili bibi apate pa kushika, nikawa natangulia hatua moja, nageuka, namwelekeza mguu wa kushoto hapa, wa kulia kwenye mzizi, pumzika. Mtoto mdogo nilimbeba mgongoni. Kila baada ya kona napuliza filimbi. Sikuangalia saa. Magoti ya bibi yalikuwa yanatetemeka, nami nikawa naongea tu, nasimulia chochote kinachokuja ili asisikie hofu.

Tulimkuta chini kabisa, pembeni ya shamba la kabichi, raba zimevuliwa, miguu imevimba kwa kuumwa na siafu. Mama mwenye shamba alikuwa amempa maji na kiti cha kukalia. Nilimshukuru yule mama kwa Kishambaa, na kwa muda ule sikuwa na maneno ya Kiswahili.

"Sista," akaniambia, "njia zenu hamweki alama. Mtu anapoteaje hivi sehemu ya watalii?"

Nikamwambia tumefurahi yuko salama, nikampaka dawa. Bibi ndiye aliyesema niliyokuwa nimeyameza: "Alama ilikuwa inatembea mbele yako. Wewe ndiye uliyeipita."

Kupanda kurudi kulinimaliza. Nikambeba mtoto tena, nikawa namvuta bibi taratibu, hatua ishirini na pumziko. Shemeji akateleza mara kadhaa na sasa alikuwa anafuata maelekezo. Chakula cha mchana tulikula alasiri, na sikukionja ladha.

Nilidhani watasema twende mjini tukalale, lakini watoto waliahidiwa Irente. Tukaenda, kwa gari mpaka karibu, kisha mwendo mfupi. Pale milima inakatika ghafla na nyika yote iko chini yako. Niliwaonyesha barabara ya kwenda Moshi na Arusha, na reli iliyoanzia Tanga na kufika Mombo mwaka 1905. Niliwaonyesha mistari ya mashamba ya mkonge, nikawaeleza kwamba mkonge ulikuja mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na wingi wa ule mkonge ulianzia hapo. Mtoto mkubwa akauliza nani alikuwa anaukata. Swali zuri. Nikakaa chini naye nikamweleza kuhusu manamba waliotoka mbali kuja kufanya kazi mashambani, miguu ikiniuma na jua likizama, na sikuona sababu ya kulikatisha.

Kwenye malipo shemeji akapendekeza nipunguze, kwa kuwa muda ulipotea na chakula kilichelewa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamjibu kwamba bei tulikubaliana asubuhi, na muda uliopotea niliufanyia kazi kuliko muda mwingine wowote leo. Baba mwenye familia akalipa yote bila neno. Sehemu nitampelekea yule mama wa shamba la kabichi.

Usiku huu nimeosha buti, nimekausha kamba, nimeweka miguu kwenye maji ya chumvi. Simu imeita: kesho kuna wageni wengine, walimu wastaafu, mmoja goti lake lilifanyiwa upasuaji. Nimemwambia mwenyeji wao waje na viatu vyenye meno na fimbo, Magamba tutaiacha mpaka njia ikauke, tutakwenda Irente kwa barabara pana, na yule mwenye goti atatembea nyuma yangu. Tunaanza saa 2.