Madaktari wa moyo walipokuja Mtwara

Mwanangu wa pili alitibiwa nimonia mpaka manesi wa hospitali ya wilaya wakawa wanamwita kwa jina tukiwa bado getini. Anachomwa sindano, tunarudi nyumbani, mwezi haujaisha kifua kimembana tena. Miezi tisa, kilo tano na ushee. Mama mkwe akamfunga hirizi, sikumzuia.

Ndipo redio ikatangaza kwamba madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanakuja hospitali ya mkoa kwa siku chache. Nilikwenda kwa ubishi tu, maana hakuna aliyewahi kunitajia moyo. Foleni nzima ilikuwa wazee wa presha. Wenye watoto tulijibanza benchi la mwisho.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, hakuanza kwa kumpima. Aliniambia nimnyonyeshe palepale. Mtoto akavuta mara tatu nne, akaachia, akawa anahema, jasho likamtiririka kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni.

"Mama, huwa hivi siku zote?"

"Ndiyo, dokta. Kanga yote hulowa."

Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Siwalaumu sana wa wilayani: usiku mganga ni mmoja na wodi imefurika, na mtoto akikohoa huku anapumua mbiombio, nimonia ndiyo inayokuja kichwani kwanza. Tena kweli alikuwa nayo, kwa sababu mapafu yanayopelekewa damu kupita kiasi hushambuliwa kirahisi. Lakini jamani, kile kipimo cha kusikilizia moyo si kinaning'inia shingoni kila siku?

Mashine ya eko, ile ya kuuonea moyo kwenye skrini, ilikuwa ndogo, ya kubeba mkononi. Akampaka jeli ya baridi, mtoto akapiga kelele, nyekundu na buluu zikapigana kwenye skrini. Akanichorea nyuma ya kadi ya kliniki: mishipa miwili mikubwa, na kamshipa kanakoiunganisha. Mtoto akiwa tumboni anakahitaji. Akishazaliwa kanajifunga kenyewe siku za mwanzo. Kamshipa ka mwanangu kalibaki wazi, ndiyo maana damu ilizidi kwenda mapafuni. Kangezibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa pajani, bila kupasua kifua.

"Hapahapa?"

"Hapana mama, Muhimbili. Kwa sasa nakupa dawa ya kupunguza maji, na barua ya rufaa."

Dar ni zaidi ya kilomita 500, na korosho zetu zilikuwa bado mtini. Tukasubiri mnada. Katikati ya kusubiri akabanwa tena, tukalazwa wilayani kulekule. Nikamwonyesha mganga wa zamu ule mchoro. Akausoma, akamsikiliza mtoto kifuani upande wa kushoto, chini ya mtulinga, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akamwita mwanafunzi aliyekuwa anapanga mafaili, akamvalisha kipimo masikioni, akamwambia asikilize na yeye.