Geti la tao: angalia nguzo kwanza

Geti la tao likipata ufa pale juu katikati, mwembamba kama unywele, watu hulaumu saruji. Mara nyingi kosa liko kwenye nguzo. Tao husukuma nguzo kwa nje usiku na mchana, na nguzo zikiachana kidogo tu, matofali ya juu huanza kufunguka kwa chini.

François Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa, alilijua hilo alipojenga lango la tao la Porte Saint-Denis, Paris, mwaka 1672. Mfalme Louis XIV alikuwa ameamuru kuta za mji zibomolewe, na tao likachukua nafasi ya lango la kale la ukuta wa mfalme wa zamani, Charles V. Jengo zima lina upana wa mita 25 hivi, ila mlango wa katikati ni mita 8. Kila upande umebakiwa na mita 8.5 za mawe, na vipito viwili vya waenda kwa miguu vilivyotobolewa humo ni vidogo. Uzuri wa lile tao, kwangu, uko kwenye hizo mbavu kuliko kwenye sanamu.

Iko kanuni ya upana wa nguzo inayoitwa kwa jina la Blondel, na fundi wa Kisumu au Kakamega anaweza kuichora kwenye plaiwudi. Chora nusu duara ya tao. Chukua kamba yenye urefu wa nusu kipenyo, anzia pale tao linapokalia nguzo, kata alama juu ya duara. Unganisha alama na mwanzo ule kwa mstari, kisha uuendeleze kwa nje urefu uleule. Umbali uliotoka nje, ukipimwa sambamba na ardhi, ndio upana wa nguzo: robo ya mlango. Mlango wa mita 3 unadai sentimita 75, na nguzo nyingi hazifiki hapo. Tena kanuni haihesabu urefu, kwa hiyo nguzo ndefu iongezwe.

Kwa mlango huohuo, tofali la unene wa milimita 75 likisimamishwa kwa upana wake wa milimita 105, safu moja inakula matofali 57. Idadi iwe witiri ili moja likae katikati kabisa. Kiungo kiwe milimita 8 chini, 13 juu. Jenga pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo fomu, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba tao likijengwa, itainama.

Fomu ikalie kabari mbilimbili. Jaza kwanza mabega ya tao, yaani pande zake mbili juu ya nguzo, subiri angalau siku 7, kisha legeza kabari kidogokidogo, kila upande kwa zamu. Ukiing'oa fomu kwa nyundo, tao lote linashuka kwa mshtuko mmoja.