Ngazi za Mer de Glace

Juzi huyu wangu wa mwisho kaja na karatasi ya shule, wanachora ukoo wao, na chini ya kila jina unaandika kazi aliyokuwa anafanya huyo mtu. Babu mzaa baba hakuna shida, mwalimu, imeisha. Alipofika kwa mzee wangu akanyanyua kalamu, mama, babu wa Marangu alikuwa anafanya kazi gani hasa? Nikamwambia babu yako alikuwa mgumu, kabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu kijana, baadae akapanda cheo akawa anawaongoza mwenyewe mpaka Uhuru. Akaandika, akaenda zake kulala. Mimi nikabaki pale mezani akili imeshahama, iko kwenye zile ngazi.

Ilikuwa kiangazi cha 2018, alipokuja kututembelea. Mambo ya viza na makaratasi na safari ya kutoka KIA mpaka Geneva niyaache, alifika salama tunamshukuru Mungu. Siku anga likiwa safi huku kwetu unauona Mont Blanc kwa mbali, mweupe, na yeye kila asubuhi na chai yake alikuwa anakaa upande huo. Siku moja akauliza una urefu gani. Nikamwambia mita 4,800 na kidogo. Akanyamaza, na nilijua anachopiga hesabu, maana kile kibanda cha Kibo, kituo cha mwisho cha kulala Kilimanjaro, kiko mita 4,700 na kitu, yani kilele chao kikubwa kabisa kinaishia pale ambapo yeye miaka yote alikuwa anawaamsha wageni saa tano usiku ndo safari yenyewe ianze. Lakini hakujigamba hata kidogo. Alisema tu nipelekeni nikauone, kila mlima una baridi yake.

Basi tukaenda Chamonix, mimi na yeye tu, kwa basi, saa moja na nusu hivi. Mwezi wa nane ule mji unajaa. Kuna wenye kamba na sululu za barafu begani, kuna wanaokimbia milimani na fimbo mbili mkononi, ukitazama juu unaona watu wananing'inia kwenye maparachuti ya rangi wanazunguka taratibu juu ya msitu. Baba hakuangalia maparachuti. Alikuwa anaangalia viatu vya watu na namna walivyofunga mabegi, ananinong'oneza, yule kafunga vizuri, yule akifika saa sita mgongo utakuwa unawaka moto.

Katikati ya mji kuna sanamu ya watu wawili. Mmoja ni Saussure, msomi wa Geneva aliyeahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kufika juu ya Mont Blanc, mwingine ni Jacques Balmat, mwenyeji wa pale bondeni, ambae tarehe 8 Agosti 1786 alifika kileleni pamoja na daktari Michel Paccard. Kwenye sanamu Balmat ndo kanyoosha mkono anamwonyesha msomi mlima. Baba akauliza mara mbili, huyu anayeonyesha ndo mwenyeji? Ndiyo baba. Akasimama pale muda mrefu. Kwetu Marangu kila mtoto anajua hadithi ya mzee Yohani Kinyala Lauwo na ule msafara wa 1889 wa Hans Meyer na Purtscheller, wageni wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, na huyo Purtscheller alikuwa Mwaustria, mtu wa hii hii milima ya Alps, kwa hiyo baba alikuwa anaviunganisha mwenyewe kichwani, nilimwona.

Kilichomgusa zaidi ni kile chama cha waongozaji wa Chamonix. Nilimsimulia kwamba kilianzishwa 1821, mwaka mmoja baada ya waongozaji watatu kufa kwenye maporomoko ya theluji Mont Blanc, na tangu mwanzo walikuwa na mfuko wa kusaidia familia za wenzao wanaopata ajali. Na kwamba mabaki ya wale watatu barafu iliyatoa yenyewe kule chini 1861, miaka arobaini na moja baadae, maana barafu inatembea. Na kwamba kila tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, padri anabariki kamba na sululu zao. Baba ni mtu wa kanisa, hilo la padri lilimfurahisha, lakini alirudi kwenye mfuko. 1821? Ndiyo baba. Akasema wamefanya vizuri sana hawa watu, akaacha hapo.

Kutoka Chamonix unapanda treni nyekundu inayopanda kwa magurudumu ya meno, ipo tangu 1908, inakwenda mpaka Montenvers mita 1,913, huko ndo unaiona Mer de Glace, barafu kubwa kuliko zote Ufaransa. Tulivyoshuka baba akauliza iko wapi. Nikamwonyesha chini kabisa, ule mkanda wa kijivu uliofunikwa mawe. Hakusema kitu. Jicho lake likaenda ng'ambo kwenye kile kilele cha Drus, mwamba umesimama wima, una sehemu moja rangi imepauka tofauti na pengine pote. Akasema pale pameanguka, na si zamani. Na kweli pameanguka, 2005, nguzo nzima ya mwamba iliporomoka, kwa sababu barafu iliyo ndani ya nyufa ndo inashikilia yale mawe, ikilegea na mawe yanaachia. Akanikumbusha njia ya Western Breach kule Kilimanjaro, 2006, mawe yaliposhuka Kibo yakaua wageni watatu wa Kimarekani na njia ikafungwa. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeingia nyumbani kwa ndugu yake.

Sasa ili ufike kwenye barafu yenyewe siku zile ulikuwa unateremka na vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, halafu unamalizia kwa ngazi. Ilivyojengwa ile 1988 ngazi zilikuwa tatu tu unakanyaga barafu. Tulipokwenda sisi zilikuwa mamia, za chuma, zimebanwa kwenye mwamba zinakata kona na kukata kona. Na njiani kuna vibao vya mwaka, vinaonyesha barafu ilikuwa inafika wapi.

Kibao cha kwanza tulichosimama kimeandikwa 1985. Akauliza hii namba ni ya nini. Nikamwambia baba, mwaka huo barafu ilikuwa inafika hapa tuliposimama. Akatazama chini. Kutoka pale watu walioko mwisho wa ngazi wanaonekana wadogo sana, rangi za makoti tu, na ubavuni kwetu mwamba mtupu umesuguliwa mpaka umelainika. Akavua glovu, alikuwa na glovu zake za kazi za zamani, akaweka kiganja kwenye ule mwamba. Watu wanapita nyuma yetu wanaomba njia, na yeye bila kugeuka akajisogeza upande wa ndani, upande wa mlima, kama walivyokuwa wanafundishwa. Akasema, themanini na tano, mama, ndo mwaka nilipewa wageni kwa mara ya kwanza, nikiwa msaidizi. Ukitoka Gilman's, pale unapofika juu ukingoni mwa Kibo, unazunguka ukingo kwenda Uhuru, mkono wa kushoto barafu ilikuwa imesimama kama ukuta wa kanisa la Kilema. Ulikuwa unapita chini yake kivulini, wageni wanaogopa kuongea.

Mimi nina miaka yangu hii na nilikuwa sijawahi kusikia hayo maneno. Baba nyumbani alikuwa akirudi mlimani ananawa, anakula, anakwenda kuangalia migomba na mfongo, mfereji wetu wa maji, kama maji yanapita. Mlima haukuwa mazungumzo ya nyumbani.

Tukashuka. Kibao cha 1990. Hapo hakuweka mkono. Alikaa kwenye ngazi, watu wakawa wanatuzunguka, mama mmoja akaniuliza kama mzee anajisikia vibaya nikamwambia hapana asante. Akasema tisini ndo tulimshusha baba Elia. Baba Elia nilikuwa namjua kama jina tu, mjane wake alikuwa anauza maziwa, watoto wake tumesoma nao. Sikuwa najua alifia wapi. Baba akasema mvua ya Horombo, kituo cha chini ya Kibo, iliwalowesha, usiku ikageuka theluji, na baba Elia alikuwa na sweta moja na raba, kampuni iliyowapeleka haikuwa inawapa wagumu kitu, mgeni ndo ana hema zuri. Asubuhi hakuamka. Tukamfunga kwenye machela tukamshusha wanne, tunapokezana, na mizigo ya wageni ikaendelea kupanda maana safari ilikuwa imelipiwa. Alivyomaliza akasema, yule mama alipewa mchele na sukari. Halafu akasema tena ile namba, kwa sauti ya kawaida kabisa, 1821.

Nilikaa nae pale. Sikuwa na la kumwambia na hakuwa anasubiri niseme kitu.

2010 ni mwaka alioacha kazi, magoti yalikataa, alisema tu haya, hapa ndo niliwarudishia mlima wao, tukapita. Tulivyofika 2015 akasimama, akasoma mwenyewe, akasema hapa mimi sina neno, hapa waulize vijana. Na kutoka pale mpaka barafu zilikuwa bado ngazi nyingi.

Chini kulikuwa na pango walilochonga ndani ya barafu. Kijana wa pale aliniambia wanachonga jipya kila mwaka kwa sababu barafu inasogea na kushuka, mlango wa mwaka jana mwaka huu haupo. Nje wameifunika kwa mashuka meupe isiyeyuke haraka. Ndani ni bluu, na maji kila mahali, yanadondoka kichwani, yanapita chini ya miguu, na chini zaidi unasikia mto unanguruma. Baba alisikiliza kwa makini sana. Akasema yetu haifanyi hivi. Kule juu Kibo hewa ni kavu na baridi haipungui, jua linaila barafu inageuka mvuke moja kwa moja, maji ni machache, na theluji mpya ya kuirudishia haitoshi. Hata mifongo yetu maji yake yanatoka kwenye msitu na ukungu wake, si kwenye barafu, hilo wazee wa kwetu walilijua siku zote. Hii ya hapa unaisikia inavyokwenda, akasema. Yetu mpaka upande tena mwaka mwingine ndo unajua imepungua.

Akataka nimuulize yule kijana nani anaweka vile vibao. Nikauliza, akasema ni wao wenyewe wanaoendesha pale. Baba akaniuliza na kwetu je? Nikamwambia kwetu wataalamu wamepima, kutoka 1912 mpaka sasa zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imeondoka. Akatikisa kichwa. Hao wamepima barafu, akasema, ni kazi nzuri, lakini mimi nauliza kibao cha watu waliokuwepo.

Kurudi juu alipanda kwa mwendo wake, pole pole, bila kusimama, na vijana wenye viatu vya bei walikuwa wameegemea vyuma wanahema. Njiani akachukua begi la dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, hakuna lugha iliyotumika, alinyoosha mkono tu na yule dada akamwachia. Akalifikisha mpaka juu, dada akatoa pochi, baba akakataa kwa mikono miwili.

Sasa 2024 wamefungua kibanda kipya cha waya, kiko juu zaidi bondeni, ngazi za zamani si njia ya wageni tena. Sijui vile vibao vimebaki kwa ajili ya nani. Na sijui kama Kibo pangekuwa bora na vibao, mlima wenyewe umeshabeba mabango ya kutosha, kuna siku nawaza ndiyo kuna siku nawaza hapana.

Nilichofanya ni kumwomba baba anitumie sauti kwenye simu, mwaka mmoja mmoja, nani alikuwepo, barafu ilifika wapi, nani hakurudi. Anatuma usiku akishamaliza rozari. Wenzake wawili walio hai wamejua, sasa na wao wanatuma, na hawakubaliani. Baba anasema ule ukuta wa kushoto ulipasuka 1992, mwenzake anaapa ni 1994 kwa sababu mtoto wake wa tatu alikuwa ameshazaliwa, na wa tatu anasema nyie wote mlikuwa njia ya Machame mwaka huo, mliuona wapi. Naandika yote matatu, kila moja na jina la aliyesema.