Bahasha ya picha: mzunguko wa pili

Bahasha ilirudi hapa mtaani Umoja, Nairobi, jana jioni, pembe zimechakaa, inanuka samaki kidogo. Kisumu hiyo, hakuna wa kubisha.

Kwa ambaye hakuwa nasi mwanzoni: tuko wanne tunaopenda kamera, mmoja Mombasa, mmoja Nakuru, mmoja Kisumu na mimi hapa Nairobi. Tulichoshwa na kutumiana picha kwa simu, mtu anabofya kidole gumba hata hajaitazama. Sasa tunazisafisha kwenye karatasi, tunazitia kwenye bahasha moja na kuipandisha basi. Ikikufikia, unatoa zako tatu za zamani, unaweka tatu mpya, na nyuma ya picha za wenzako unaandika ulichokiona. "Safi sana" hairuhusiwi.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa shule ya makosa, mengi yangu. Nilipeleka studio picha mbili za kamera na moja ya simu, zote za inchi 4 kwa 6. Za kamera zilitoka nzima kwa sababu umbo lake ni lile lile la karatasi, tatu kwa mbili. Ya simu ni nne kwa tatu, ni nene zaidi, kwa hiyo mashine ikakata juu na chini na makanga wangu akabaki bila kofia. Siku hizi naikata mwenyewe kabla ya kwenda. Halafu zote zilitoka na giza. Kioo cha simu kina taa yake, karatasi haina. Picha ninayoiona sawa kwenye simu saa nne usiku inahitaji kuongezwa mwanga kidogo kabla ya kusafishwa.

Jambo moja lilinifurahisha. Karatasi ya inchi 4 kwa 6, ukitaka nukta 300 kwa kila inchi, inakula pikseli 1,200 kwa 1,800 tu, yaani megapikseli mbili na kitu. Simu ya miaka kumi iliyopita inatosha. Ule ubishi wetu wa kamera ya nani ni kali zaidi ungeishia hapo, lakini najua hautaisha. Kinachoua picha ni kuipitisha WhatsApp mara tatu kabla haijafika studio. Itume kama faili, au nenda na memori kadi yako.

Mombasa nako joto na unyevu viliziunganisha mbili zenye karatasi ya kung'aa, na mzee wetu wa huko alipozibandua, nusu ya anga langu ikabaki mgongoni mwa punda wa Lamu (picha ya mwalimu wa Nakuru, aliyekuwa safarini huko). Tangu hapo tunatumia karatasi isiyong'aa, na tunaandika kwa penseli. Wino wa kalamu haukauki haraka mgongoni mwa picha. Unahamia kwenye uso wa ile iliyo chini yake.

Sasa mzunguko huu. Niliweka KICC (lile jumba la mikutano la Nairobi) ya jioni, matatu ya usiku, na mama wa uji.

KICC ndiyo niliyoitolea jasho. Nilirudi siku tatu mpaka nikapata anga la buluu nzito, taa zimewaka, mnara umesimama peke yake. Mzee wa Mombasa ameandika nyuma: "Mwanangu, hii ninayo mfukoni." Nilikasirika, kisha nikatoa noti ya mia mbili. Kweli, noti zote zilizotoka 2019 zina KICC mbele. Jengo limesimama tangu 1973, limepigwa picha kutoka kila upande ambao mtu anaweza kusimama, na mimi nikaongeza moja. Naipenda bado. Lakini nimemwelewa.

Ya matatu ilinifundisha kitu kingine. Nilitaka ubao wa taa ulioandika njia usomeke vizuri, nikaweka shata ya 1/500 ya sekunde, na nusu ya herufi zikapotea. Zile taa haziwaki zote kwa pamoja. Zinapokezana upesi kiasi kwamba jicho halioni, lakini shata ya haraka inazifuma baadhi zikiwa zimezima. Nikashuka hadi 1/60, maandishi yakarudi, watu wakawa ukungu. Kisumu ameandika: "Ukungu ndio barabara ya Tom Mboya yenyewe." Hapo sikuwa na la kuongeza.

Kuna ya nne ambayo haikupigwa. Mlinzi wa jengo moja alinizuia nikiwa kwenye lami ya umma, akasema kamera kubwa ni ya kibali. Mtu wa pembeni yangu alikuwa anapiga jengo hilo hilo kwa simu. Nikarudisha kamera kwenye mkoba, nikaondoka.

Ndipo nikamkuta mama wa uji, karibu na Archives, jengo la nyaraka za taifa. Mwanga wa asubuhi hapa hauna subira. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na kumi na mbili na arobaini, mwaka mzima, halafu linapanda wima kama lifti. Ukichelewa kwa kikombe cha chai, ile dhahabu imekwisha. Nilikunywa uji wa wimbi kwanza, nikamwomba ruhusa, akakubali bila kuniangalia. Picha ni mkono wake, mvuke, na jua linapita katikati.

Wote watatu wamechagua hiyo. Nikasafisha nakala moja nikampelekea leo asubuhi. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Uso wangu uko wapi?"

"Mama, hapa nilikuwa natafuta mvuke."

"Mvuke nitampelekea nani nyumbani?"

Akafunga kilemba upya, akasimama wima, mikono ubavuni, kama picha ya kitambulisho, na nikapiga. Kwa macho yangu ya mpigapicha ni picha ya kawaida. Kwake ndiyo picha.

Nilikuwa na bahasha mkononi, akaomba kuona zilizomo. Punda wa Lamu hakumjali. Akasimama kwenye ya mzee: muuza kahawa chungu wa Mji wa Kale, dele la shaba (birika la kahawa) mkononi, vikombe vidogo kwenye mkono wa pili. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu anatembea nayo?"

"Anatembea nayo, ina jiko la makaa hapo chini."

"Na haimchomi mguu? Muulize. Mimi nimekaa na chupa hizi kama mzigo wa mtu."

Jumatatu bahasha inapanda basi la Mombasa. Nimetoa KICC, nimemweka yeye na kilemba chake, na mgongoni, kwa penseli, nimeliandika swali lake kama alivyolisema.