Vitabu vya jalada la kaki: nilivyowapa Kidato cha Tatu uhuru wa kusoma

Ninafundisha Kiingereza katika sekondari ya kata mkoani Morogoro. Mwaka jana nilikuwa na mkondo wa Kidato cha Tatu wenye wanafunzi 58, na wengi wao waliweza kujibu maswali ya fasihi bila kukifungua kitabu chenyewe. Uchambuzi unauzwa steshenari, umeshachapwa. Wanakariri wahusika na dhamira, wanamwaga kwenye mtihani, basi. Ukiwaambia waandike nusu ukurasa kuhusu siku yao ya jana, kalamu haziendi.

Sikuwalaumu. Miaka saba ya shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, kisha wakaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Aliyeachwa nyuma pale huwa anaendelea kuachwa, na anajifunza kujificha.

Nilimwomba mwalimu wa taaluma kipindi kimoja kwa wiki ambacho kila mwanafunzi angesoma alichochagua mwenyewe. Akaniuliza mada za muhtasari nitazimaliza lini. Swali la haki kabisa. Tukakubaliana: Ijumaa, dakika 40, mpaka likizo ya Juni, halafu tuangalie.

Vitabu vingine vilikuwa vimelala kwenye kabati la maktaba. Vingine nilivinunua vya mtumba Dar es Salaam, kwa wale wanaopanga vitabu kando ya barabara pale Posta, na vingi bei yake haikuzidi sahani ya wali maharage. Nikaongeza hadithi za watoto, majarida ya zamani, vipeperushi vya afya na vya kilimo. Jumla vikafika 74.

Ijumaa ya kwanza iliharibika. Vijana wakubwa walivikwepa vitabu vyembamba vyenye picha wakakimbilia vinene, wakakaa navyo wakigeuza kurasa tu. Mmoja alikishika kitabu juu chini. Jioni ile nilinunua karatasi za kaki, na mimi na binti yangu tukavifunika vyote, chembamba na kinene, tukaandika namba tu juu ya jalada. Nikawafundisha kipimo cha vidole: fungua ukurasa wowote, kila neno usilolijua kunja kidole kimoja, mkono ukijaa, kirudishe, chukua kingine. Wiki ya pili hakuna aliyejua mwenzake anasoma cha darasa la ngapi. Darasa likatulia, na mimi nikakaa mbele nikasoma changu, maana wangeniona nasahihisha madaftari wangejua kusoma ni kazi ya wanafunzi peke yao.

Kwenye kuandika nilikosea zaidi. Niliagiza muhtasari wa kila kitabu, nikaletewa maneno ya kitabu chenyewe, neno kwa neno. Nikaufuta. Badala yake kila mmoja akawa na daftari la kuniandikia barua: umesoma nini, umechukizwa na nani, wapi ulichoka. Neno la Kiingereza likikosekana, weka la Kiswahili, endelea. Kalamu nyekundu niliiweka kando. Nilijibu kwa barua fupi, na kosa moja tu nililirudia kwa usahihi ndani ya jibu langu. Barua 58 kwa wiki zilinielemea, kusema kweli, kwa hiyo nikaligawa darasa makundi manne, kila kundi zamu yake mara moja kwa mwezi. Kufikia Mei, maneno ya Kiswahili ndani ya barua yalikuwa yamepungua bila mimi kuyakataza.

Mwalimu wa taaluma alipopitia yale madaftari akaniachia Ijumaa yangu. Muhula wa pili nikawapa mradi: chagua swali ambalo nyumbani kwenu lina maana, lisomee, liandikie kurasa nne. Binti mmoja aliandika jinsi mama yake anavyopiga hesabu ya faida ya maandazi. Mwingine alieleza kisukari cha babu yake, akitumia kipeperushi cha zahanati.

Ila aliyenishangaza ni kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akisema sentensi nzima. Alichagua viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini mwaka 2017 na kushambulia mahindi. Kipeperushi chake kilikuwa cha kurasa mbili, Kiingereza kigumu, na alikaa nacho wiki tatu. Alikuja mezani kwangu na neno moja moja. Siku moja akaja na kiwavi chenyewe ndani ya kiberiti.

"Madamu, angalia kichwani. Ile Y iliyogeuzwa, si ndiyo hii?"

Ilikuwepo, na karibu na mkia madoa manne yamekaa kama pembe za mraba, kama kipeperushi kilivyoeleza. Darasa zima likazunguka meza. Aliandika kwamba kiwavi hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, ndiyo maana dawa inayopigwa mchana wa jua juu ya majani haimpati vizuri. Afadhali alfajiri au jioni, na mapema akiwa bado mdogo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na makosa kila mstari. Tuliirudia mara nne, na mara zote nne alikuja mwenyewe, sikumwita.

Siku ya kusoma kazi mbele ya wazazi alisoma kwa Kiingereza, akapumua, kisha akamgeukia baba yake na kumweleza yote kwa Kiswahili. Mzee akasimama, akauliza swali la dawa, na mwanawe akafungua ukurasa wa tatu wa kazi yake kutafuta jibu. Baada ya hapo mzee alinifuata.

"Mwalimu, hiki kidaftari tunaweza kuondoka nacho? Msimu uko karibu."

Nikampa. Alama nilikuwa nimeshaziandika.