Bampa Iliyopasuka na Madai ya Bima
Juma lililopita gari langu liligongwa kwa nyuma kwenye foleni, na ingawa hakuna aliyeumia, bampa ilipasuka na taa ya kushoto ikabaki ikining'inia kwa waya mmoja. Dereva mwenzangu, ambaye kwa kweli alikuwa muungwana, aliomba tumalizane kwa fedha taslimu palepale. Nilikataa. Nilipiga picha, nikaandika namba za gari lake na za hati yake ya bima, kisha nikaitaarifu kampuni yangu ya bima siku hiyohiyo, kwa kuwa kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kusababisha madai kukataliwa. Fundi naye nilimzuia asianze matengenezo kabla mkadiriaji wa hasara, yaani mtu anayekagua uharibifu kwa ajili ya bima, hajafika. Bampa ilipofunguliwa mbele ya mkadiriaji huyo, tulikuta chuma cha ndani kimepinda.